Noah ya cc 2000, Dar–Tukuyu kwenda na kurudi: nitenge shilingi ngapi za mafuta?

Kyimbila:
Wakuu, habari za majukumu. Tunapanga safari ya Tukuyu tukitokea Mbezi. Gari ni Noah ya 2003, injini 1AZ, petroli, gia otomatiki. Tutakuwa saba: watu wazima watano na watoto wawili. Kwenda ni mabegi tu, kurudi kuna mchele wa Kyela kilo 100 na mikungu ya ndizi. Tukifika huko tutakaa siku tano, tutashuka Kyela siku moja na kupanda Mbeya mjini siku moja.

Hesabu yangu ni hii: kilomita 880 mara mbili ni 1,760, naongeza 150 za kuzunguka, jumla 1,910. Mtandaoni wanasema Noah hii inakwenda kilomita 14 kwa lita, kwa hiyo lita 136. Kwa shilingi 3,000 kwa lita inakuja kama 410,000. Tunachangishana watu wazima watano, nisingependa kuwarudia watu njiani niwaombe nyongeza. Je, hesabu imekaa sawa? Na mikungu ya ndizi ikiwekwa kwenye keria juu ya paa inaathiri mafuta au ni maneno ya watu?

Binti Hesabu:
Kaka Kyimbila, kuzidisha na kugawanya kwako ni sahihi, tatizo ni namba ulizoanza nazo. Mbili zina kasoro.

Ya kwanza ni hiyo 14. Namba za magari ya Japani ya miaka hiyo zinatokana na kipimo chao cha 10-15. Gari linawekwa kwenye rola ndani ya maabara, linaendeshwa kama kilomita 4 tu, wastani wa mwendo ni chini ya kilomita 23 kwa saa, na kasi kubwa kabisa ni 70. Hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna watu saba, eya kondishena imezimwa. Kipimo hicho kinasaidia kulinganisha gari na gari. Kupangia safari ya Nyanda za Juu hakifai.

Ya pili ni hizo kilomita 150. Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama 70, kwenda na kurudi 140 tayari. Kyela ni zaidi ya 50 kwa upande mmoja. Ukiongeza kwenda sokoni, kanisani na kwa ndugu, weka 300.

Sasa usitumie wastani mmoja kwa safari nzima. Kata vipande. Nachukulia Noah nzima, isiyokimbizwa, inakwenda kilomita 11 kwa lita barabara kuu ikiwa nyepesi:

Kutoka Mbezi mpaka uivuke foleni ya Kibaha na Mlandizi weka kilomita 40 kwa 6 kwa lita. Hizo ni lita 6.7.

Barabara kuu zinabaki kilomita 840. Gawa kwa 11, lita 76.4. Uzito wa watu saba na eya kondishena ya kuwasha na kuzima, ongeza asilimia 5, inafika 80.2.

Mlima watu wengi huusahau. Dar uko usawa wa bahari, Mbeya iko mita 1,700 hivi. Noah yenye watu na mizigo inakaribia kilo 2,100. Kuuinua uzito huo mita 1,700 kunahitaji megajuli 35 za nishati. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi lakini injini inafikisha kwenye magurudumu robo tu, yaani 8. Kwa hiyo kupanda peke yake kunakula lita 4 na nusu, juu ya zile za kusukuma upepo na kuzungusha tairi.

Kwenda jumla lita 91. Kurudi mlima unakurudishia kama lita 3, mchele na ndizi vinachukua moja, kwa hiyo 80.2 jumlisha 6.7 toa 2, lita 85. Kuzunguka kilomita 300 kwa 8 kwa lita, maana kule ni kupanda na kushuka tu, lita 38.

Zote ni lita 214. Kwa 3,000 ni shilingi 642,000, ambayo kwa watu watano ni 128,400 kila mmoja. Halafu tenga asilimia 10 pembeni, lita 21 au shilingi 63,000, kwa ajili ya foleni na kupotea njia. Bajeti yako ni 705,000 badala ya 410,000. Hiyo ya pembeni isipotumika mnarudishiana.

Spana Kumi na Nne:
Dada kapiga hesabu safi, ila ile 11 ni ya gari nzima. Pima gari lako kabla hujamtajia mtu kiasi cha kuchanga.

Namna ya kupima: nenda sheli, simamisha gari sehemu iliyo sawa, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, *klak*, mara ya kwanza. Hapo hapo mwambie mhudumu atoe bomba. Wakizoea kubonyeza bonyeza "tufunge hesabu iwe elfu kamili", wanaongeza lita moja mpaka mbili kwenye shingo ya tanki na kipimo kimeharibika. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300, kisha rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari limeelekea upande ule ule, jaza mpaka ikate mara ya kwanza. Gawa kilomita kwa lita ulizojaza. Kilomita 412 kwa lita 37.8 ni 10.9 kwa lita.

Kwa nini 300 na siyo 50? Pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa lita moja. Ukiwa umetumia lita 5, hilo ni kosa la asilimia 20. Ukiwa umetumia 40, ni asilimia 2 na nusu. Wale wanaoweka mafuta ya elfu ishirini na kusubiri taa iwake hawapimi kitu, kwa sababu ile boya ya tanki inacheza na mteremko na namna gari lilivyolala.

Halafu angalia tairi. Kama ilikuja na 195/65R15 na wewe umefunga 205/70R15 ili isikwaruze chini, kipenyo kimetoka milimita 634 kwenda 668. Dashibodi inakuhesabia 100 wakati umetembea 105. Linganisha na ramani ya simu kwenye kipande kirefu kilichonyooka ujue tofauti yako, kisha zidisha.

Upepo: kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kimeandikwa kwa kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha upepo kinachotumika kwenye mashine za kujazia, kwa mfano 230 ni 33. Jaza asubuhi tairi zikiwa za baridi. Tairi zote nne zikipungua psi 10, ulaji unapanda asilimia 2 mpaka 3 na kuta za tairi zinachemka, jambo ambalo kwa safari hii ni baya kuliko hayo mafuta.

Dereva wa Nyanda:
Mkuu Kyimbila, keria siyo maneno ya watu. Mikungu ya ndizi juu ya paa inashika upepo kama tanga. Kwa mwendo wa 90 au 100 hesabu asilimia 10 mpaka 20 zaidi, yaani kati ya lita 8 na 16 kwa kurudi tu. Kunja siti moja ya nyuma kama watoto wanaweza kubanana, ndizi ziingie ndani. Ikishindikana, mikungu ilazwe, ifunikwe turubai lililokazwa, na mwendo usizidi 80. Keria tupu nayo ifunguliwe, inakula hata kama haina kitu.

Sasa mafuta utaweka wapi. Tanki la Noah hiyo ni lita 60. Watu wanapiga 60 mara 11, wanaona 660, wanajiaminisha kwamba kutoka Dar wanaivuka Mafinga bila kusimama. Angalia kwa hesabu ya dada hapo juu: Mbezi hadi Iringa ni kama 480. Foleni lita 6.7, barabara kuu 440 kwa 10.5 (ile 11 ukishaongeza asilimia 5 ya uzito na eya kondishena) ni 42, mlima wa kufika Iringa lita 4. Tayari ni 53 kati ya 60. Na lita za mwisho zimebaki wakati uko Kitonga, ule mlima mkali wenye kona kabla ya Iringa, gari limeinua pua, mafuta yamekimbilia upande mmoja wa tanki na malori ya Zambia na Kongo yamefunga barabara kwa sababu moja limekwama kwenye kona. Injini ya cc 2000 ikiunguruma imesimama na eya kondishena inawaka inakunywa kama lita moja kwa saa. Saa tatu za kukwama ni lita tatu.

Kwa hiyo jaza Dar, ongeza lita 20 Morogoro au Mikumi mjini, jaza tena Iringa au Makambako. Bei inapanda kadiri unavyoiacha bandari kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, wanaingiza gharama ya usafirishaji kwenye bei kikomo ya kila mkoa. Mbeya inaizidi Dar kwa shilingi mia moja hivi kwa lita. Katika safari yako lita kama 130 utazinunua huko juu, hiyo ni 13,000 ya ziada, haipaswi kukunyima usingizi. Kilicho muhimu zaidi ni tarehe: bei kikomo mpya zinaanza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kama safari yako inaivuka Jumatano hiyo, kwenda utatumia bei moja na kurudi bei nyingine. Piga *152*00# siku ya kuondoka usome bei ya Dar, Morogoro, Iringa na Mbeya, kisha uibadilishe hiyo 3,000.

Mwendo: kutoka 80 kwenda 110 upinzani wa hewa unakaribia mara mbili, na Noah ni boksi. Ndani ya Mikumi zile kilomita 50 za hifadhini utatembea taratibu kwa lazima, na hapo ndipo gari litakula kidogo kuliko sehemu zote. Kinachomaliza mafuta ni ile tabia ya kutoka kwenye kibao cha 50 na kukanyaga mpaka chini kufika 100, halafu breki kwenye kibao kinachofuata.

Binti Hesabu:
Naongezea hapo kwa namba. Kulitoa gari la kilo 2,100 kutoka 50 hadi 100 kunahitaji megajuli 0.6, ambayo ni mililita 75 za petroli, kama kikombe kidogo cha kahawa. Kijiji kimoja si kitu. Vijiji 30 vyenye vibao na matuta ni zaidi ya lita 2 kwa upande mmoja, na zote umeziteketeza kwenye pedi za breki. Ukiona kibao kwa mbali, achia eksileta mapema gari lijipunguze lenyewe.

Kyimbila:
Asanteni sana wakuu. Nimepima kama alivyoelekeza Spana: Mbezi hadi Morogoro na kurudi, kilomita 352, imeingia lita 39.1. Hiyo ni 9 kwa lita tukiwa watu wawili tu. Tairi ni saizi yake. Sasa nibadilishe hesabu iwe 9, au gari lina tatizo? Kitu kingine nilichoona, sindano ya joto haifiki katikati, inaishia robo. Fundi aliniambia ni dalili nzuri kwamba haichemshi. Na kuna jamaa anashauri mteremko wa Kitonga wakati wa kurudi niweke gia huru niokoe mafuta.

Spana Kumi na Nne:
Hiyo sindano siyo dalili nzuri. Karibu hakika thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Mafundi wengi wanaitoa wakiamini wanazuia kuchemsha. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake la kazi, ambalo kwa hizi ni nyuzi 80 na kitu. Sensa ya joto inaiambia kompyuta "bado baridi", kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya asubuhi wakati wa kuwasha. Mafuta mengine hayaungui, yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye oili. Vuta kijiti cha oili, nusa. Ikinuka petroli, badilisha oili pia.

Rudishia thamostati yenye nyuzi zilizoandikwa na mtengenezaji, pamoja na mpira wake mpya. Ukifunga, ile valvu ndogo ya kutolea hewa ikae juu. Jaza kulanti, siyo maji ya bomba, washa injini mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe na feni iwake, ndipo ufunge. Kama baada ya hapo linachemsha kweli, basi rejeta imeziba au feni haifanyi kazi, na ugonjwa huo ndio unaotakiwa kutibiwa kabla ya Kitonga.

Wakati uko hapo, angalia kwenye dashibodi kama kuna taa ya O/D OFF. Noah za gia nne zina kitufe pembeni ya kishikio cha gia. Kikibonyezwa bila kujua, gari haliingii gia ya nne, unakwenda 90 injini inalia kama unapanda mlima. Tembea kilomita 15 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwepo moja inayotoa joto kuliko wenzake, breki zake zimeshika. Chujio la hewa lipeleke kwenye mwanga: kama huoni mwanga upande wa pili, nunua jipya. Halafu 1AZ hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na zinajaza masizi. Ikiwa inatetemeka ikiwa imesimama, hilo nalo liangaliwe, ingawa si kazi ya siku moja kabla ya safari.

Gia huru mteremkoni usithubutu. Gari lenye mfumo wa kupuliza mafuta, ukiachia eksileta likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga petroli kabisa na magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka gia huru, inabidi ipulize mafuta ili injini isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi. Na kilo 2,100 zote zinabaki mikononi mwa breki peke yake kwenye kona za Kitonga. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama mpaka chini na hakuna kinachosimama. Shuka na gia ya 2 au L.

Binti Hesabu:
Kuhusu hiyo 9, kaka, usiichukue nzima nzima. Safari yako ya kipimo ilipita foleni mara mbili. Toa kilomita 80 za foleni kwa 6, ambazo ni lita 13.3. Zinabaki kilomita 272 kwa lita 25.8, sawa na 10.5 kwa lita barabara kuu. Si mbali na 11 niliyotumia, na nina imani thamostati ikirudi itaifikia au kuivuka.

Kosa hili la wastani linawaponza wengi, na lina pande mbili. Mwenye 9 ya mchanganyiko akiitumia kwa kilomita 840 za barabara kuu, anajipandishia bajeti bila sababu: lita 250 badala ya 214, kama shilingi 108,000 zaidi. Na mwenye 6 mjini na 11 barabara kuu asijumlishe agawe kwa mbili apate 8.5. Kilomita 100 za mjini na 100 za barabara kuu ni lita 16.7 na 9.1, jumla 25.8 kwa kilomita 200, ambayo ni 7.8. Siku zote jumlisha lita, usijumlishe kilomita kwa lita.

Kama huna muda wa kupima tena, tumia 10.5: kwenda lita 95, kurudi 89, kuzunguka 38. Jumla 222, shilingi 666,000. Na akiba ya asilimia 10 palepale.

Dereva wa Nyanda:
Mawili ya mwisho. Sheli taja lita, siyo fedha, na uangalie kioo kikianzia sifuri kabla bomba halijaingia. "Niwekee lita 20" inakuwezesha kulinganisha na hesabu yako papo hapo. Chukua risiti kila mara, zina lita na bei. Ukizipiga picha na kuandika kilomita za dashibodi pembeni, mkifika Iringa mtakuwa mmeshajua ulaji halisi wa safari hii na mnaweza kurekebisha kilichobaki.

La pili, ukifika Uyole jaza tanki kabla ya kukata kushoto. Kutoka hapo barabara inapanda Uporoto kwanza ndipo ishuke Tukuyu, mara nyingi ni ukungu na mvua, gari linakwenda taratibu kwa gia ndogo. Hiyo 11 isahau kwa kilomita hizo 60, weka 8. Ni lita 2 zaidi ya ulizopanga, zitoe kwenye akiba.

Kyimbila:
Nimeelewa. Thamostati inafungwa Jumamosi, napima tena Jumapili kabla ya foleni kuanza. Mchango nimewatajia 135,000 kila mmoja, jumla 675,000, na akiba ya 66,000 naweka mimi. Ndizi zinakaa ndani.